Osuga, managu, lisutsa: jinsi ya kujua yako ni aina gani, kuanzia kwa tunda mpaka kwa DNA

Kila mvua ikianza simu yangu inajaa picha za majani. Jani moja, limeshikwa na vidole viwili, nyuma kuna sufuria ama ukuta wa choo, na swali halijawahi kubadilika: mwalimu, hii osuga ni aina gani? Jibu langu nalo halijabadilika, sijui, na hata wewe hutajua kwa jani. Sasa nimechoka kuandika hivyo kwa kila mtu, wanafunzi wa Maseno, akina mama wa vikundi vya mbegu kule Luanda, vijana wa Njoro waliouziwa mbegu ya "majani makubwa" ikamea kitu kingine kabisa. Nimeiandika hapa mara moja, ukiniuliza tena nitakutumia hii.

Tuelewane kwanza, kidogo tu. Mnavu wa Kiswahili sanifu ndio managu ya Wakikuyu wa Nakuru, osuga ya Wajaluo, lisutsa ya Waluhya, rinagu ya Wakisii. Hayo ni majina ya mboga, si ya spishi, kwa hivyo mama mboga wa Kibuye akikuuzia "osuga" hajakudanganya hata kama ndani ya fungu moja kuna spishi mbili, na mara nyingi ziko. Zote ni za jenasi Solanum, ukoo mmoja na nyanya, viazi na biringanya. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alizirundika nyingi chini ya jina moja, Solanum nigrum, halafu mwaka 1768 Philip Miller akazitenganisha na kuzipa majina tunayotumia mpaka leo: Solanum scabrum, Solanum villosum, Solanum americanum. Lakini lile jina la nigrum halikutoka kwa midomo ya watu, ndio unaona kila kitabu cha shule na kila pakiti imeandikwa nigrum, na nyingi si nigrum.

Kitu kingine cha kuweka kichwani: hawa ndugu wanahesabu kromosomu, zile nyuzi za DNA ndani ya seli, kwa mafungu ya 12. Americanum ina mafungu mawili, 24. Villosum manne, 48. Scabrum sita, 72, na nigrum yenyewe pia 72. Hiyo hesabu itakusaidia kuliko DNA yoyote ya kulipia, utaona mbele.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Simu yenye kamera inayoona karibu
- Lenzi ya mkono ya kukuza mara 10, hata ile ya sonara ni sawa
- Rula ya milimita, wembe, sahani nyeupe
- Magazeti ya zamani, vipande vya katoni, kamba ama mkanda wa kubana
- Bahasha za karatasi na mifuko midogo ya zipu
- Silika jeli, ile yenye rangi inayobadilika ikishika unyevu
- PENSELI. Si kalamu. Nitarudi hapo
- Rangi ya kucha isiyo na rangi, selotepu, na mtu anayeweza kukuazima maikroskopu siku moja, walimu wa bayolojia wa sekondari huwa hawana roho mbaya

Hatua ya 1: Chukua tawi lenye kila kitu

Tafuta mmea wenye maua na matunda yaliyoiva kwa wakati mmoja. Ukikosa matunda yaliyoiva, rudi baada ya wiki mbili, usijidanganye. Tunda la kijani la osuga linafanana na la kijani la osuga nyingine zote, na rangi ya kuiva ndiyo inayokata kesi nusu.

Kila kitu kitoke kwa mmea mmoja, maua usiyachukue kwa huu na matunda kwa jirani yake eti wanafanana, juu hapo ndipo watu wanatengeneza spishi isiyoko duniani. Upe namba sasa hivi, kabla ya kukata. Ukichukua mimea mitano, namba tano.

Hatua ya 2: Andika vile ambavyo vitapotea

Mmea ukikauka rangi ya ua inaenda, rangi ya tunda inageuka nyeusi-nyeusi kwa zote, na kunata kwa malaika (vinyweleo vya mmea) kunaisha. Kwa hivyo hapo hapo shambani andika: rangi ya tunda lililoiva, linang'aa ama limefifia, ua ni jeupe kabisa ama lina mstari wa zambarau mgongoni, ukipapasa shina linanata ama la, urefu wa mmea, umeota kivulini ama juani, umepandwa ama umejiotea. Na andika jina ambalo mwenye shamba anaiita, kwa lugha yake, pamoja na kama ni chungu. Mama yangu hakuwa na lenzi lakini angeweza kukwambia hii ni ya kulala na maziwa kwenye nyungu usiku mzima na hii ni ya kula leo, na mara nyingi alikuwa anatenganisha spishi bila kujua.

Hatua ya 3: Bana na ukaushe

Tandaza tawi ndani ya gazeti, geuza jani moja uone mgongo wake, pasua tunda moja katikati na mengine yaache mazima. Juu katoni, gazeti, katoni, funga kwa nguvu. Badilisha magazeti kila siku kwa siku za kwanza, matunda ya osuga yana maji mengi na ukizembea yanaota ukungu.

Sasa penseli. Miaka iliyopita nilikusanya mimea 14 kutoka Kiboswa mpaka Luanda, nikaandika namba kwa kalamu nzuri ya wino, nikapanda matatu, katoni ikawekwa juu ya keria pamoja na kuku, mvua ikatupata karibu na Maseno. Nilifika na mimea 14 na karatasi 14 za rangi ya samawati. Hakuna hata namba moja ilisomeka. Penseli haiogopi maji.

Hii sampuli iliyokaushwa ndiyo ushahidi wako. DNA bila mmea uliokaushwa ni sawa na risiti bila bidhaa, kesho mtu akiuliza "una hakika ilikuwa scabrum?" utamwonyesha nini? Ukiweza tengeneza mbili, moja ubaki nayo, nyingine upeleke Hebaria ya Afrika Mashariki, ghala la mimea iliyokaushwa, iko Nairobi kwa Makavazi ya Kitaifa, na ukienda huko utaweza pia kulinganisha na mimea iliyokusanywa kabla babu yako hajazaliwa.

Hatua ya 4: Jani la DNA, siku hiyo hiyo

Hata kama hujui kama utawahi kulipia maabara, kata. Jani changa, safi, lisilo na chawa wa mimea wala unga mweupe wa ukungu, kipande cha sentimita mbili tatu kinatosha. Kirarue vipande, weka ndani ya kibahasha, kibahasha ndani ya mfuko wa zipu wenye silika jeli nyingi, uzito wa jeli uwe kama mara kumi ya jani. Kesho yake jani livunjike kama chapati iliyokauka. Likijikunja tu bila kuvunjika, jeli ilikuwa kidogo ama imeshiba maji, badilisha.

Usiweke jani bichi kwa plastiki tupu ati utalishughulikia jioni, litaoza na DNA itakatika vipande. Usilitie kwa spiriti pia.

Hatua ya 5: Soma umbo, na uanzie kwa tunda

Hapa usikimbie, ndio kazi yenyewe. Watu wanaanzia kwa jani kwa sababu ndilo wanakula, lakini jani la osuga ni mwongo. Lipe mbolea ya kuku na kivuli, linakuwa kubwa kama sahani, likipandwa kwa murram juani linabaki kama ukucha, na ni mbegu ile ile. Fuata mpangilio huu:

*Rangi ya tunda.* Likiiva njano, rangi ya chungwa ama jekundu, uko kwa villosum, karibu umalize. Likiwa zambarau iliyokolea ama jeusi, endelea.

*Ukubwa.* Pima kumi, si moja. Scabrum huanzia kama milimita 10 kwenda juu, ni kubwa, limekaa kama zabibu ndogo. Americanum ni dogo, chini ya milimita 9, jeusi linalong'aa kama kiatu kilichopigwa rangi.

*Kishada.* Angalia vikonyo vya matunda vinatokea wapi. Vikitoka vyote sehemu moja kama mbavu za mwavuli, weka alama ya americanum. Vikipangana juu kwa chini kwenye kikonyo kikubwa kama ngazi, elekea kwingine. Kuwa makini kwa kishada kichanga, vyote vinaonekana mwavuli kabla ya kurefuka, soma vile vyenye matunda yaliyoiva.

*Kikombe cha kijani kinachoshika tunda.* Kimelala kwa tunda, kimenyooka, ama kimepinduka kabisa kurudi nyuma? Americanum hukipindua. Na kuna jamaa mwingine anaitwa Solanum retroflexum, yeye hukipindua mpaka jina lake likatokea hapo.

*Ponda tunda kwa sahani nyeupe.* Hii napenda kuonyesha watoto. Bonyeza tunda lililoiva kwa kidole, tandaza maji yake, ondoa ngozi. Utaona mbegu bapa za rangi ya krimu. Sasa angalia kwa lenzi kama kuna vitu vingine vidogo zaidi, duara, vyeupe, vigumu, ukivibonyeza kwa ukucha vinaruka badala ya kupasuka. Hivyo si mbegu, ni vijiwe. Americanum mara nyingi anavyo, scabrum huwa hana. Nimewahi kuona mtu akivihesabu kama mbegu changa mwezi mzima.

*Ua.* Fungua katikati, kuna vifuko vitano vya chavua vimesimama kama koni. Pima urefu wa kifuko kimoja. Cha americanum ni kifupi, hakifiki milimita 2, cha nigrum huizidi ama kuikaribia sana. Kwa scabrum angalia pia rangi, mara nyingi inaenda kwa hudhurungi badala ya njano safi.

*Shina na malaika.* Pitisha kidole kwa kona za shina. Scabrum mara nyingi ana mabawa yenye meno-meno, unayasikia. Villosum ana namna mbili: mmoja malaika wake wana vichwa vidogo vya gundi, ukimshika ananata na vumbi linamganda, mwingine malaika wamelala na hanati. Usiseme hizo ni spishi mbili, ni nususpishi za villosum mmoja.

*Jani.* Sasa ndio unaweza kuliangalia. Andika urefu na upana wa majani kumi ya katikati ya mmea, kingo zake, basi.

Onyo moja kabla sijasahau: matunda ya kijani usiyaonje ati unatafuta tofauti ya uchungu, yana sumu za ukoo wa viazi kijani. Na wale wanaosoma mtandaoni kwamba osuga ni ile belladona ya kuua, hapana, ile ni Atropa, jenasi nyingine, kwao ni Ulaya na pande hizo, tunda lake linakaa pekee yake juu ya nyota kubwa ya kijani, si kwa kishada.

Hatua ya 6: Zipande pamoja

Kama umebaki na shaka, na utabaki, chukua mbegu za kila mmea. Ponda matunda yaliyoiva kwa maji, acha usiku mmoja, osha, anika kivulini juu ya karatasi. Panda zote kwa kitalu kimoja, siku moja, mbolea moja, mimea kumi kwa kila namba. Tofauti zitakazobaki zikiota bega kwa bega hivyo ni za damu. Zitakazopotea zilikuwa za udongo.

Kikundi kimoja cha upande wa Vihiga walikuwa na "aina sita". Tulizipanda kitalu kimoja na zikabaki tatu. Walinikasirikia kidogo.

Hatua ya 7: Kadiria mafungu ya kromosomu

Hii haihitaji maabara ya pesa. Mmea wenye mafungu mengi huwa na seli kubwa, na seli rahisi kuona ni zile mbili zinazolinda kila stomata, tundu la kupumulia, mgongoni mwa jani. Paka rangi ya kucha upande wa chini wa jani, ngoja ikauke dakika kumi na tano, bandika selotepu, vuta polepole, bandika kwa slaidi. Kwa maikroskopu ya kukuza mara 400 utaona kama midomo midogo imetapakaa. Pima urefu wa 30 kwa kila mmea, ama piga picha kwa simu zote kwa umbali ule ule na ulinganishe.

Tumia mimea ya kitalu kimoja peke yake, ndio maana hatua ya 6 imetangulia. Weka pia mmoja unaoujua kwa hakika, kwa mfano villosum wa tunda la chungwa, awe rula yako: mwenye midomo midogo zaidi kuliko wake huenda ni wa 24, mwenye mikubwa zaidi huenda ni wa 72. Nasema huenda. Kuhesabu kwenyewe kunafanywa kwa ncha za mizizi, zinakatwa asubuhi, zinahifadhiwa kwa mchanganyiko wa ethanoli sehemu tatu na asidi asetiki kali sehemu moja, zinapakwa rangi na kufinywa kwa slaidi. Hiyo fanya chuoni na mtu anayejua, asidi si mchezo.

Hatua ya 8: Sasa DNA

Swali la kila siku: naweza kuifanya nyumbani? Unaweza kuitoa, ndio. Ponda jani kwa chumvi, maji na sabuni ya vyombo, chuja, mimina spiriti baridi taratibu juu, nyuzi nyeupe zitaelea. Watoto wanafurahi. Lakini kuiona si kuisoma, hizo nyuzi zingekuwa za kabichi ungeona vile vile.

Kusoma ni kazi ya maabara, na utaulizwa unataka sehemu gani ya DNA. Mbili zinazotumika dunia nzima kwa mimea tangu 2009 ni rbcL na matK, zote ziko kwa kloroplasti, ile sehemu ya kijani ya seli yenye DNA yake. Wengi wanaongeza kipande kinachoitwa ITS, cha kwenye kiini cha seli. Sasa sikiliza kabla hujatoa pesa: rbcL na matK zitakwambia hii ni Solanum, vizuri sana, lakini ndani ya hawa ndugu wa osuga tofauti ni ndogo mno na spishi tatu nne zinaweza kutoa jibu moja. Pia kloroplasti kwa kawaida inatoka kwa mama peke yake, kwa hivyo chotara atakuonyesha ukoo wa mama na kumficha baba. Mimea ya mafungu manne na sita ina historia ya kuchanganyika humo ndani, kwa hivyo ukitaka kuitenganisha vizuri omba alama nyingi kutoka kwa kiini, si kipande kimoja.

Ukipata mfuatano wako wa herufi za DNA, utafute bure kwa GenBank, hifadhi ya mtandaoni ya mifuatano ya DNA, ukitumia BLAST, chombo chake cha kulinganisha. Usichukue jina la kwanza juu ukaondoka. Shuka orodha, ukiona majina manne yote yana 99 ama 100 kwa mia, jibu lako ni "mojawapo ya hawa", na kumbuka baadhi ya majina humo yaliwekwa na watu waliotambua mmea kwa jani.

Kama maabara iko nje ya nchi, usitie sampuli kwa bahasha ukatuma tu. Kutoa rasilimali ya kijenetiki Kenya kunahitaji kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, na mimea inapita KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea.

Hatua ya 9: Weka kwa jedwali moja

Mimea iwe mistari, sifa ziwe safu. Tunda jeusi 1, chungwa 0. Vijiwe viko 1, haviko 0. Vipimo weka wastani. Ongeza mmea wa nje ya hawa ndugu lakini wa ukoo, mimi natumia nyanya ama biringanya, ili mti wa ukoo utakaochora ujue mzizi uko wapi. Programu ya PAST ni ya bure na inachora makundi kutoka kwa sifa za umbo, MEGA nayo ni bure kwa mfuatano wa DNA. Chora mti wa umbo peke yake na wa DNA peke yake, uweke karibu, uone wapi vinakubaliana. Ukivichanganya kabla ya kuona hivyo utaficha tatizo.

Mambo yakikataa

*Umbo linasema scabrum, DNA inasema kuvu.* Ilitupata. Tulilipia ITS kwa sampuli nane, mbili zikarudi kuvu, juu praima za ITS, vile vipande vya DNA vya kuanzishia usomaji, zinashika pia kuvu na majani yalikuwa na unga mweupe tuliofikiri ni vumbi la barabara. Tukarudi kwa mmea ule ule (namba ilikuwa kwa penseli), tukachukua jani safi, tukapanguza, ikatoka.

*Tunda ni jeusi, dogo, halafu nusu ya sifa ni za americanum na nusu hapana.* Usilazimishe. Afrika Mashariki tuna Solanum tarderemotum pia, na imeandikwa vibaya kwa lebo nyingi. Andika "Solanum, kundi la nigrum" na upeleke sampuli hebaria.

*Mmea una maua mengi lakini matunda yanadondoka yakiwa machanga ama hayana mbegu.* Inaweza kuwa ukame, ama chotara wa mafungu tofauti, wa 24 akikutana na wa 48 anazaa mtoto wa 36 ambaye kwa kawaida ni tasa. Angalia chavua kwa maikroskopu, ikiwa nyingi imesinyaa kama puto lililotoka hewa, mshuku chotara.

*Rangi ya kucha haitoki kwa jani.* Ni malaika wa villosum hao. Bandika selotepu tupu kwanza uwang'oe, halafu paka upya, na uchague jani lililokomaa.

*Mbegu za pakiti moja zimetoa matunda ya chungwa na meusi.* Mbegu zilichanganyika kabla hazijakufikia. Tenganisha sasa kwa rangi ya tunda, chagua mimea ya rangi unayotaka, funika vishada vyake kwa mfuko wa neti kabla maua hayajafunguka, itajichavusha yenyewe. Mbegu za ndani ya neti tu ndizo unaweka, na kwa bahasha andika namba ya mmea, tarehe na rangi ya tunda.

*Huna matunda, una jani tu, na unataka jibu leo.* Pika.